Sababu Ndogo Inayotosha

Masunzu alipopelekwa semina ghafla, nilijua kuna kitu. Masunzu hapendi semina, na semina hazimpendi Masunzu. Kesi zote za afya katika Mahakama ya Shirikisho huitikiwa na yeye. Mimi kazi yangu ni mipaka, maji na reli. Lakini asubuhi ile ubao wa zamu ulikuwa umebadilishwa, na kwenye kesi ya tiba ya damu lilikuwapo jina langu, Nyamizi Kapaya.

Nina binti, Limi, mwenye selimundu, yaani sikoseli. Mahakama inajua, kwa sababu niliwaambia mwenyewe mara tu alipogunduliwa nayo, ili wasije wakanipangia kesi ya namna hii.

"Mnyamwezi, leo umevaa viatu," alisema Mzee Pazi pale getini. Ni Mzaramo, na utani wake huanza kabla ya salamu.

"Nimevaa nisikanyage maneno yako. Msajili yupo?"

"Yupo tangu alfajiri, na ameshakuulizia mara mbili. Mtu mwenye gari akimuulizia Mnyamwezi, ujue kuna mzigo wa kubeba."

Siku nyingine ningemjibu. Siku ile nilipita tu.

Msajili Rwegoshora alinimiminia chai kwa mkono wake. Nimefanya kazi chini yake tangu Limi yuko tumboni, sijawahi kumwona akimmiminia mtu chai.

"Mama Limi, pole na kuuguza."

"Tumeshapoa. Kwa nini niko kwenye kesi hii?"

"Masunzu yuko semina."

"Na waitikiaji wengine?"

"Wana kazi zao. Na wewe jambo hili unalielewa."

"Si kulielewa tu, lina faida kwangu. Niliwaandikia."

"Uliandika, tukasoma, tukaona halizuii. Mwitikiaji si jaji, Mama Limi. Anarudia tu." Akasogeza sukari karibu yangu. "Ukifika aya ya kumi na nne sikiliza kwa makini. Jaji Kyomuhendo umri umekwenda, sauti yake hushuka."

Nikaweka kikombe chini. Mwitikiaji haruhusiwi kujua hata mstari mmoja wa hukumu kabla haijasomwa. Rwegoshora ndiye aliyenifundisha hivyo, kwenye chumba hicho hicho.

"Sijasikia ulichosema," nikamwambia.

"Sawa. Lakini fikiria mtoto. Sita nukta moja si damu ya kukaa nayo."

Alisema hivyo kwa huruma kabisa, kisha akainama kutafuta kalamu yake.

Limi huvaa kidoti, kibandiko cha mkononi kinachosoma damu na kumpelekea taarifa daktari wake wa kliniki, yeye peke yake. Ndivyo walivyotuahidi. Asubuhi ile, kabla sijatoka nyumbani, kilisoma sita nukta moja. Sikuwa nimemwambia hata mama yangu, ninayeishi naye.

Nikamshukuru Msajili kwa chai, nikatoka. Sikuwa nimeinywa.

*

Wako wanaoniuliza kazi ya kuitikia ni ya nini, wakati mashine zinasikia vizuri kuliko watu. Huwa ninawajibu kwa habari ya maharage.

Zamani, Shirikisho lilipoanza, hukumu ya Mahakama ya Shirikisho ilikuwa inaingia moja kwa moja kwenye Mkondo. Mkondo ni ule mfumo unaoendesha kila kitu kinachotii sheria: milango ya hospitali, mageti ya mipakani, mita za maji, malipo ya pensheni. Jaji akimaliza kusoma, sheria inageuka katika majimbo yote kabla hajavua miwani. Wanasiasa waliisifu sana. Kisha jaji mmoja, katika kesi ya chakula cha wafungwa, akatania kwamba kulisha watu maharage kila siku ni adhabu ya kikatili, na hata shule za bweni zingepaswa kushtakiwa. Mahakama ikacheka. Mkondo haukucheka. Jumatatu yake maghala ya shule yalijifunga katika majimbo yote, maharage yakiwa ndani na watoto wakiwa nje na sahani.

Tangu hapo iliamuliwa awepo binadamu katikati. Jaji anasoma hukumu yake yote, pamoja na hadithi zake, mifano yake na hasira zake. Mwitikiaji anasikiliza. Mwishoni anasimama na kurudia kwa kinywa chake sentensi moja, ile iliyobeba uamuzi, ambayo ukiiondoa uamuzi unaanguka. Mkondo unaisikia hiyo tu. Mengine yote yanabaki kuwa maneno ya kando.

Tunakaa tukiwa tumewapa majaji mgongo, ili tusisome nyuso zao. Tunaruhusiwa kugonga meza mara moja, kuomba aya moja isomwe tena. Sentensi haikatwi katikati. Na kama sababu mbili zinatosha kubeba uamuzi ule ule, mwitikiaji huchukua iliyo ndogo. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza tuliyofundishwa: sababu ndogo inayotosha. Kubwa iachwe, maana hujui itakwenda kuangukia wapi.

Ukikosea, jaji anasema "Sivyo." Akinyamaza, imepita.

*

Ukumbi ulijaa. Nilikaa mahali pangu, macho kwenye ukuta wa taa, zinazowaka hukumu inapoanza kazi. Taa kubwa ni tano, moja kwa kila jimbo: Ziwa, Nyika, Pwani, Milima na Kaskazini. Chini yake kuna taa ndogo ya Makao, mji mkuu, ninakoishi. Makao si jimbo. Ni ardhi ya Shirikisho lote, na sisi wakazi wake ni raia wa kila mahali bila kuwa wakazi wa jimbo lolote. Kwa kawaida jambo hili halimsumbui mtu.

Mdai alikuwa mama mmoja kutoka Nyika. Nilimwona wakati wa kuingia, ameshika sweta la mtoto ingawa mtoto hakuwapo. Nililielewa lile sweta. Wenye watoto wa sikoseli hatutoki bila sweta, hata jua likiwaka, kwa sababu baridi ndiyo inayoanzisha maumivu.

Kesi yake ilikuwa rahisi kuieleza. Hospitali za Jimbo la Ziwa zinatibu selimundu mpaka inakwisha. Wanachukua seli kwenye uboho wa mtoto, wanazirekebisha, wanazirudisha, na baada ya miezi michache mtoto anakimbia mpira. Lakini sheria ya Shirikisho inasema tiba hiyo ni kwa wakazi wa Ziwa tu, mpaka Baraza la Afya litakapoamua vingine, na Baraza haliamui. Yule mama alisafiri na mwanawe hadi mlango wa hospitali. Mlango ukamsoma, ukakataa kufunguka.

Jaji Kyomuhendo alianza kusoma. Ninaijua sauti yake. Ni Mnyoro, anasema Kiswahili kama mtu anayekata kuni, kipande kwa kipande. Alieleza habari ya mlango. Alilikaripia Baraza. Kisha, katika aya ya tisa, alisema kitu kwa haraka, kama mtu anayepita njiani:

"Tuyaache hata hayo yote. Mkazi wa jimbo moja akiingia jimbo jingine hawezi kunyimwa tiba wanayopewa wakazi wa huko."

Akaendelea. Mimi nilibaki pale kidogo. Sentensi ilitosha. Ilikuwa na miguu yake yenyewe, imesimama juu ya ibara ya uhuru wa kwenda na kurudi. Mlango wa Ziwa ungefunguka kwa watoto wa Nyika, Pwani, Milima na Kaskazini.

Mkazi wa jimbo moja.

Nikaitazama ile taa ndogo ya chini.

Halafu ikafika aya ya kumi na nne.

"Kwa kuwa damu ya kila raia, popote alipo ndani ya mipaka yetu, ni amana ya Shirikisho zima, Shirikisho lina wajibu wa kuitibu na haki ya kuijua, kuihifadhi na kuitumia kwa manufaa ya umma."

Sauti haikushuka. Ilisikika vizuri kabisa.

Kila raia, popote alipo. Hapo Limi yumo. Ningesimama, ningeirudia, na kesho yake ningekuwa naye kwenye treni ya Ziwa na sweta lake. Mwaka huu amelazwa mara nyingi kuliko nilivyozoea. Daktari ameshanitajia kiharusi, akanitajia tena kwa namna nyingine, akidhani sikuelewa mara ya kwanza. Nilielewa.

Lakini sentensi haikatwi. Wajibu wa kuitibu umefungwa pamoja na haki ya kuitumia, kama mbuzi wawili kamba moja. Katiba yetu ina ibara inayosema mwili wa mtu ni wake. Ningeitikia aya ile, ibara ingebaki imeandikwa vile vile, haina hata nukta iliyoguswa, na isingekuwa na kazi tena. Hivyo ndivyo Katiba inavyobadilika hapa kwetu. Hakuna kura. Jaji anasema, mtu anarudia.

Na maneno yale hayakuwa ya Kyomuhendo. Yeye hasemi "kuijua, kuihifadhi na kuitumia". Anachagua moja. Majaji siku hizi huandikiwa rasimu na mashine ya masjala, na masjala ni ya Msajili. Nikakumbuka chai. Nikakumbuka sita nukta moja. Damu walikuwa nayo tayari. Walichokosa ni ruhusa, na ruhusa ilihitaji mdomo. Wakatafuta mdomo wenye njaa, wakampeleka Masunzu semina.

"Nimemaliza," Jaji akasema. "Iitikiwe."

Nikagonga meza.

"Mwitikiaji anaomba aya gani?"

"Ya tisa, Mheshimiwa Jaji."

Nyuma yangu kiti kililia. Jaji aliisoma tena aya ya tisa, safari hii polepole, akiweka kila neno chini kabla ya kuchukua linalofuata. Sijui uso wake ulikuwaje. Ndiyo maana tunawapa mgongo.

Nilisimama. Sitasema nilifikiria Katiba wakati ule. Nilifikiria vidole vya Limi, anavyovikunja maumivu yakianza ili nisione. Nikafikiria kwamba Masunzu angekuwapo, angechukua ya tisa bila kupepesa, na angekuwa sahihi, na mimi ningemchukia maisha yangu yote.

"Mkazi wa jimbo moja," nikasema, "akiingia jimbo jingine, hawezi kunyimwa tiba wanayopewa wakazi wa huko."

Nilisubiri "Sivyo." Nitakuwa mkweli, kuna sehemu yangu iliyoiomba ije.

"Mheshimiwa Jaji," sauti ya Rwegoshora ikasema, "pengine mwitikiaji hakusikia vizuri aya ya..."

"Msajili," alisema Jaji, "kaa."

Hakuongeza neno. Taa ya Ziwa ikawaka, ikafuata Nyika, Pwani, Milima, Kaskazini. Yule mama alimuuliza wakili wake kwa sauti ndogo, "Yaani tunaweza kwenda?" Wakili akamwambia hata leo. Akaanza kulia, amelikumbatia sweta.

Taa ndogo ilibaki imezima.

*

Nilimkuta Jaji Kyomuhendo kwenye korido, anatembea na fimbo yake. Nikampisha.

"Nasikia una mtoto," akasema.

"Ninaye, Mheshimiwa."

"Nimeambiwa nikiwa nimeshakaa kitini. Ningejua mapema ningekuondoa."

"Aya ya kumi na nne uliandika wewe?"

Mwitikiaji hamwulizi jaji swali kama hilo.

"Kurasa zote nilisaini," akasema.

Halikuwa jibu, na yeye alijua kwamba najua. Labda aliipitisha kwa uchovu. Labda aliiona, akaacha ya tisa ikae mle ndani kama ufunguo chini ya mkeka, aone nani atainua. Labda alitaka ya kumi na nne ipite, na nilimwaibisha akashindwa kusema. Mpaka leo sijui.

"Dirisha la kesi mpya," aliongeza akianza kuondoka, "linafunguliwa asubuhi."

*

Limi alikuwa kitandani na chupa ya maji moto, bibi yake pembeni anamenya chungwa. Ana miaka tisa na hapendi kuzungushwa, kama mimi. Nikamweleza moja kwa moja.

"Kwa hiyo wa Nyika wameingia, mimi bado," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa sababu yako."

"Kwa sababu yangu."

"Ungesema ile nyingine ningeingia?"

"Ungeingia. Halafu wangekuwa na damu yako, na ya bibi, na ya watu wote, waifanyie wanachotaka. Hakuna mahakama ingewazuia, maana mahakama ndiyo ingekuwa imewaambia."

"Waifanyie nini?"

"Sijui. Hicho ndicho kinachonitisha."

"Mimi ningewapa tu," akasema, akageukia ukutani.

Mama yangu aliacha kumenya. "Tuhamie Nyika basi."

"Ukaazi wa jimbo ni mwaka mzima, mama."

"Mwaka ni mwingi," alisema mama, akiutazama mgongo wa mjukuu wake. Hakunilaumu. Ingekuwa nafuu angenilaumu.

Nilikaa kitandani. Nikaushika mkono wa Limi, nikakibandua kidoti taratibu, kipande kwa kipande, ili kisimvute ngozi. Akageuka.

"Daktari atajuaje?"

"Nitakupeleka mwenyewe, akutoboe kidole kama zamani. Fumbua jicho."

Nikavuta chini ngozi ya jicho lake, nikatazama ule wekundu wa ndani, kama mama yangu alivyokuwa akinitazama mimi nikiwa na malaria. Ulikuwa umepauka. Nikatazama viganja. Nikatazama ulimi. Kisha nikakitupa kidoti kwenye ndoo ya maji ya sabuni, nikaenda kupasha maji mengine.

*

Asubuhi Mzee Pazi hakunitania. Nilimpa kitambulisho changu cha mwitikiaji, kwa sababu mtu aliyeapa kuitikia hawezi kushtaki katika mahakama ile ile. Alikigeuza mkononi.

"Ndiyo nini sasa?"

"Nimetua mzigo. Nipishe, leo mimi ni mteja."

Nilipanga foleni dirishani na watu wengine. Masunzu, aliyekuwa ameshatoroka semina yake, alikuja kusimama karibu nami, akiongea bila kunitazama.

"Unadai nini?"

"Kwamba mkazi wa Makao ni mtu."

"Ni kesi ngumu. Hakuna hukumu ya nyuma ya kuegemea."

"Najua. Itabidi waandike mpya."

"Ikifika kuitikiwa," akasema, "nitaitikia mimi. Nitahakikisha. Wewe usiwe na wasiwasi."

Ni mtu mwema Masunzu. Limi humwita baba mdogo. Na nilitamani kukubali hata nikahisi mate yamejaa mdomoni.

"Usithubutu," nikamwambia. "Omba upelekwe semina. Nataka mtu asiyemjua Limi."

Akaenda zake.

Nilipofika dirishani, karani alisogea pembeni na Rwegoshora mwenyewe akakaa kwenye kiti chake. Alisoma karatasi zangu ukurasa kwa ukurasa. Hakuwa na haraka. Kisha akauchukua muhuri, akaushika hewani.

"Ingekwisha jana, Mama Limi," alisema, kwa ile ile huruma yake. "Mngekuwa kwenye treni. Sasa hii itachukua muda, na mtoto hana muda mwingi. Leo damu iko ngapi?"

Nilimtazama. Alikuwa anasubiri kweli. Kalamu ilikuwa mkononi, macho kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa ananiuliza kitu asichokijua.

"Gonga muhuri, Msajili," nikasema.